Kulala Nilikuwa Nalala

Ukigongwa kichwa, halafu mtu wa hospitali akuulize kama unalala, usimjibu upesi. Kaa kidogo. Jiulize kwanza yeye anauliza nini na wewe unajibu nini. Mimi nilijibu upesi, kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani, na jibu hilo lilitugharimu mimi na mtoto wangu zaidi ya mwaka mzima. Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye uvimbe umeshashuka, wageni wameshaacha kuja kukujulia hali, na bado kuna kitu hakijarudi mahali pake, nawe unaona haya kukisema.

Mimi ni muuza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Maziwa yanatoka malishoni kwa gari asubuhi, tunayaonja, tunayamimina kwenye mitungi ya plastiki na kuipandisha kwa basi la Nairobi. Baadaye mitungi inaturudia mitupu, imefungwa pamoja kwa kamba. Siku ile makanga wa basi alikuwa juu ya keria, pale paani, anaishusha. Akapiga kelele, "Mama Darmi, angalia!" Sasa mtu akikuambia angalia, utafanya nini? Niliangalia. Mzigo mzima wa mitungi ukanishukia usoni, nikaanguka chali, kisogo kikagonga ukingo wa mtaro.

Wenzangu walicheka kwanza, ndipo wakaogopa. Siwalaumu, hata mimi nilicheka. Ingekuwa mitungi imejaa ningekuwa na heshima ya kusema nimeangushwa na kitu. Lakini mitungi mitupu, jamani! Makanga yule maskini alishuka, akanishika mkono na kuomba msamaha mpaka mimi ndiye nikawa namtuliza.

Hospitalini walipiga picha ya kichwa. Hakuna ufa, hakuna damu ndani. Nikaambiwa ni mtikisiko wa ubongo, lakini mdogo, nipumzike na baada ya wiki chache nitakuwa sawa. Neno hilo "mdogo" ndilo lililobaki nyumbani kwetu. Kila nikilalamika, mtu analitoa. Si walisema ni mdogo? Walisema ni mdogo, bwana.

Usiku wa kwanza majirani walijaa nyumbani na kila mmoja alikuja na amri ileile: asilale! Mtu aliyegongwa kichwa akilala haamki, walisema. Basi wakanikesha. Mmoja ananipa chai, mwingine ananifinya, mwingine ananiuliza majina ya wajomba zangu. Na mimi nilikuwa na usingizi mtamu siku hiyo, usingizi wa kukupeleka mpaka chini kabisa. Waliponiruhusu kulala kesho yake, nilijilaza, nikafunga macho, nikangoja. Haukuja. Daktari aliniambia baadaye kwamba si majirani walioufukuza, na mimi namwamini. Lakini mpaka leo nausikitikia usingizi ule, kwa sababu ulikuwa mlangoni nikazuiwa kuufungulia.

Sitakueleza mambo ya ubongo, siyajui. Nitakueleza mwili. Macho yangu yalikuwa kama yametiwa mchanga. Mwangaza wa jua ukipiga mabati ya jirani na kuingia dirishani, ulinichoma mpaka kwenye meno. Sauti zote zilikuwa karibu mno. Kijiko kikigusa kikombe, nashtuka. Nilianza kusahau: nimeonja mtungi huu au bado? Nilipeleka maziwa yaliyochacha Nairobi kwa wateja wa miaka mingi, na wao, kwa wema wao, walinirudishia bila kelele. Nilikonda. Mashavu yalianguka. Nilijiona kwenye kioo nikamwona shangazi yangu, na shangazi yangu hakuwa mtu wa kupendeza.

Mume wangu, Guyo, anaendesha lori la maji, anawapelekea watu wa upande wa Biliqo wakati wa kiangazi. Guyo akifika nyumbani anaanguka kitandani na buti moja mguuni. Nilikuwa namtazama anavyokoroma mpaka ninamchukia, wallahi, mtu ambaye hajanikosea chochote. Lakini pia ndiye aliyefunga turubai la bluu dirishani ili jua lisinifikie. Ndiye aliyegongomea kipande cha blanketi kwenye mlango wa chuma ili usilie ukifungwa. Alifanya hayo bila kuulizwa. Mimi sikumshukuru, nilimwambia anapiga nyundo kwa nguvu.

Na Darmi. Darmi ni binti yetu wa pekee. Wakati ule alikuwa hajaanza darasa la kwanza, ni mtoto wa kuimba. Anaimba akioga, anaimba akila, na akirudi madrasa anakariri kwa sauti yote huku anaruka kamba. Kabla ya mitungi nilikuwa napenda nyumba yenye mtoto kama huyo. Sasa kila wimbo ulikuwa msumari. Alijifunza kutembea kwa vidole vya miguu. Alijifunza kumeza nyimbo. Siku moja nilimkuta amejifunika blanketi kichwani, mchana wa joto lile, anaimba humo ndani ili nisisikie.

Nilipomwona hivyo nilisema hapana. Mtoto asiharibike kwa sababu ya kichwa changu. Mimi na Guyo tukakubaliana aende Gotu kwa mama yangu, wiki mbili tu, nipumzike. Nilimfungia nguo zake mimi mwenyewe. Akaniuliza, "Nitarudi lini?"

"Mama akilala vizuri," nikamwambia. "Mama akilala, unarudi siku hiyohiyo."

Hiyo ndiyo ahadi niliyompa. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi limejaa kila mahali, na tulidhani atarudi kabla ya mvua.

Kliniki ilikuwa kila mwezi. Ukumbi wa kungojea nilikuja kuujua kama jikoni yangu: benchi la ukutani lenye ubao uliolegea, benchi la kati ambalo jua linalifikia kabla ya saa sita, na kona karibu na chumba cha chanjo ambako watoto wanalia kwa zamu. Nilikuwa nakaa nimejifunika buibui mpaka kwenye macho. Kuna mama mmoja wa Ngaremara, Mturkana, mwenye kidonda cha mguu kisichopona, tulikuwa tunakutana siku hizohizo. Kiswahili chake kidogo, changu kwa siku zile kilikuwa kidogo pia. Alikuwa ananishikia nafasi benchi la ukutani, kwenye kivuli. Basi. Urafiki wetu wote ulikuwa ubao huo.

Daktari alikuwa kijana wa Meru, mpole, mwenye sauti ya chini, na kwa sauti hiyo tu nilimpenda. Nikiingia ananiuliza, "Habari mama? Umelala aje?"

"Salama, daktari."

Ningejibu nini? Mtu akikuuliza umelala aje, unamwambia salama. Hata kama nyumba imeungua usiku, unaanza na salama, halafu ndipo unasema nyumba imeungua. Nimelelewa hivyo. Nilidhani ananisalimia. Kumbe yeye anaandika.

Halafu anarudia, maana alikuwa mtu wa makini: "Kulala unalala?"

"Nalala."

"Unalala saa ngapi?"

"Nikimaliza swala ya isha tu."

"Na unaamka?"

"Na adhana ya alfajiri."

Anafurahi. "Mama, unalala kunishinda!" anasema, tunacheka, na tunahamia kwenye kichwa. Kinauma wapi, kinauma lini. Alibadilisha dawa za maumivu. Alinituma kupima macho. Alinipima damu. Kila alichokipima kilikuwa sawa, na kila mwezi nilitoka pale na mfuko wa dawa na kichwa kilekile.

Utasema, mama huyu mjinga, kwa nini hakusema tu? Nami nimejiuliza. Kwanza, sikusema uongo. Isha ikiisha nilikuwa nalala, najilaza upande wangu wa kitanda, nanyoosha miguu, nafunga macho. Adhana ikilia naamka. Katikati hapo hakuna kitu, lakini hakuna aliyeniuliza ya katikati. Pili, kilichogongwa kilikuwa kichwa, na mimi nilikwenda kutibiwa kichwa. Usingizi niliuona ni jambo langu na Mungu. Na tatu, hapa kwetu mtu asiyepata usingizi ni mlinzi wa usiku au mtafuna miraa, na tayari kuna waliokuwa wanayatazama macho yangu mekundu pale stendi na kunong'ona. Mke wa mtu, mama wa mtoto, anatafuna? Astaghfirullah. Niliona afadhali nife na macho yangu.

Mvua kubwa zikaja, zikaisha. Darmi bado yuko Gotu.

Siku ya Jumapili mama yangu alikuwa anapanda naye kilima kidogo ambako simu inashika mtandao. Kabla ya salamu, kabla ya kitu chochote, sauti inatoka, "Mama, umelala?"

"Nimelala, mwanangu. Na wewe umelala?"

"Nimelala. Basi nakuja leo?"

"Bado. Kichwa cha mama bado kinauma."

Nasikia upepo wa kilima. Halafu mama yangu anachukua simu.

Hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Ananiuliza kama nimelala, namwambia nimelala, na harudi. Kwangu ilikuwa salamu. Kwake lilikuwa swali lenyewe, swali pekee alilokuwa nalo, na mimi nililijibu ndiyo kila wiki halafu nikavunja ahadi papo hapo. Sikuliona. Naapa sikuliona. Kichwa kisicho na usingizi hakiunganishi mambo mawili. Niliona tu kwamba mtoto amepunguza maneno, na nikajifariji kwamba amezoea, anakunywa maziwa, ana mbuzi wa kucheza nao. Guyo alipitia Gotu siku moja na lori, akarudi. Nikamuuliza, mtoto yuko aje? Akasema, "Haulizi tena atarudi lini." Nikasema alhamdulillahi.

Nilisema alhamdulillahi! Nikikumbuka neno hilo linatoka mdomoni mwangu, nataka kulikimbiza nilirudishe.

Mwaka wa shule ulianza. Darmi akaandikishwa darasa la kwanza kulekule, na sare alishonewa na bibi yake.

Mambo yaligeuka kiangazi kilichofuata, mama yangu alipokuja mjini na gari la maziwa. Alisema amekuja kununua majani ya chai. Mama yangu hajawahi kusafiri kwa ajili ya majani ya chai. Alilala chumbani kwangu, kwa kuwa Guyo alikuwa safarini, na asubuhi hakuniuliza umelala aje. Alinitazama tu akasema leo tunakwenda pamoja kliniki.

Mama yangu anaongea Kiborana. Kiswahili chake ni cha sokoni, alikinunua akiwa mtu mzima, na anakitumia kama pesa, hatoi neno lisilohitajika. Tuliingia kwa daktari, mimi nikaketi, yeye akakataa kiti. Daktari akaanza kama kawaida. Umelala aje mama? Salama. Kulala unalala? Nalala.

"Daktari," mama yangu akasema. "Analala ndiyo. Usingizi hapana."

Daktari akatabasamu kidogo, akidhani bibi anachanganya maneno. "Analala lakini hana usingizi?"

"Analala." Mama akainama na kuweka shavu juu ya viganja vyake, akafunga macho. Kisha akayafungua wazi kabisa, hivyohivyo amelaza shavu, na kuyazungusha huku na huku kama mtu anayehesabu mabati. "Hivi. Mpaka asubuhi. Mimi nimesikia. Geuka huku, geuka kule. Usingizi hapana."

Kwa Kiborana neno la kujilaza na neno la kupata usingizi ni mawili, na mama hakuwahi kuelewa kwa nini Waswahili wanatumia moja. Daktari aliweka kalamu chini. Akanigeukia, na sauti yake ikawa ya chini zaidi.

"Mama Darmi. Ukishafunga macho, usingizi unakuja?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifungua mdomo nijibu nikaanza kulia, tena kilio kibaya chenye kamasi, na mama yangu akanipa pembe ya shuka lake nijifute.

"Tangu lini?"

"Tangu mitungi," nikasema.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu mwenye koti jeupe. Alisema, "Pole. Nilikuwa nauliza vibaya." Nami nikamwambia nilikuwa najibu vibaya. Mama yangu akatutazama sote wawili akauliza kama dawa ipo au tunaombana msamaha tu.

Dawa ilikuwepo, na nyingi haikuwa ya kumeza. Sitaiandika yote, maana yako huenda ikawa tofauti, nenda ukaulize. Nilikatazwa chai ya rangi baada ya alasiri, na kwetu huko ni kukatazwa ujirani. Niliambiwa turubai la dirishani lipunguzwe kidogo kidogo, nitembee asubuhi kwenye mwanga, kwanza hadi kona, baadaye hadi stendi. Na niliambiwa, hili lilinichekesha, "Usilale mpaka usingizi uje." Nikawa nakaa kwenye mkeka na tasbihi, nimeegemea ukuta. Usingizi ukikaribia naenda kitandani. Ukitoroka narudi mkekani. Mwezi wa kwanza nilimlaani kijana yule kwa lugha zote ninazojua.

Usingizi wangu wa kwanza wa kweli ulinikuta palepale kliniki. Nilikuwa kwenye benchi la ukutani na yule mama wa Ngaremara, nangoja nambari yangu. Nakumbuka mtoto mmoja akilia kwenye chanjo. Halafu sikumbuki. Nilipofungua macho jua lilikuwa limeshavuka benchi la kati na ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Shavu langu lilikuwa begani mwa yule mama, na bega lake lilikuwa limeloa mate yangu. Nambari yangu ilishaitwa zamani. Aliponiita, muuguzi alitaka kuniamsha, yule mama akamkatalia kwa kidole, hivi, na muuguzi akapitisha wengine wote mbele yangu. Mama yule alikuwa ameshamaliza kuonwa na daktari kabla sijalala. Angekuwa nyumbani. Alikaa na mguu wake ule mbovu ili niwe na bega.

Haukuja kila siku baada ya hapo, lakini ulirudi. Vuli iliponyesha nilikuwa napata usingizi siku nyingi kuliko nisizopata, na kichwa kikaanza kuachia chenyewe. Siku nyingine hata sasa nakosa. Nikikosa, nasema nimekosa.

Guyo alimleta Darmi shule zilipofungwa. Alishuka kwenye lori akiwa mrefu, meno mawili ya mbele hayapo, Kiborana kimejaa mdomoni. Alinisalimia kwa kushika mkono wangu na kuubusu, kama anavyosalimiwa mgeni. Akipewa chakula alisema asante. Sahani aliiweka chini polepole, isitoe sauti. Nikamwambia imba, mama hana shida tena, imba utakavyo. Akatabasamu na meno yake yale, hakuimba.

Asubuhi yake nilimkuta ameketi kitandani, blanketi limekunjwa sawasawa pembeni. Nikamwambia bila kufikiri, "Umelala, mwanangu?"

"Nimelala, mama."

Upesi hivyo, na kwa adabu. Jibu langu mwenyewe, neno kwa neno. Nilikuwa nimeshageuka kwenda jikoni. Nikarudi. Nikachuchumaa mbele yake nikamtazama macho, na macho yalikuwa mekundu.

"Darmi. Usingizi ulikuja?"

Alimtazama baba yake mlangoni, akanitazama mimi, akavuta blanketi mpaka kifuani.

"Hapana."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakusikiliza wewe," akasema. "Kama umelala kweli. Ukikosa usingizi, nitarudishwa."

Gari la maziwa lilipiga honi nje, likapiga tena, likaondoka. Sikwenda stendi siku hiyo. Nilipanda kitandani kwake na nguo zangu za kazi, nikamwambia afunge macho, mimi ndiye nitakayesikiliza.